Mafiga ya Wanajeshi

Kampuni ilitutoa mabweni ya Dubai Investments Park ikatupeleka Hatta, karibu na mpaka, kulinda kambi ya kale iliyokuwa ikitayarishwa kwa watalii. Zamani wanajeshi walilala hapo wakilinda barabara yao. Sasa palikuwa na mchanga, kontena letu la kulala, na sisi wawili: mimi Mkenya na mwenzangu Mganda. Tulilinda mchanga usiibwe.

Kupika lindoni kulikatazwa. Ukishikwa, unarudishwa kwenu. Lakini mtu mzima ataishi kwa mkate na jibini hadi lini? Tukapanga mawe matatu, tukaokota vijiti, na kila adhuhuri tukasonga ugali. Yeye aliuita posho, nami sikukubali.

Siku moja bosi akatokea bila kupiga simu. Tuliwahi kuficha sufuria tu. Akayaona mawe yenye masizi, nami nikaanza kusali. Akapiga magoti, akayapiga picha, akatangaza kwamba amegundua jiko la wanajeshi. Wiki iliyofuata mafiga yetu yalizungushiwa kamba na kuwekewa bango, nasi tukaamriwa tusiyasogelee. Nilikasirika karibu nilie. Nalinda jiko langu mwenyewe, na njaa inaniuma!

Siku ya kufungua kambi kwa watalii, bosi alimwalika mzee aliyekuwa mwanajeshi pale ujanani, aje athibitishe.

"Ssebo, leo khalas, tumekwisha," Mganda akaninong'oneza. "Tunapanda ndege."

Mzee aliinama, akachokora jivu kwa bakora. Kikatoka kipande cha ukoko. Akakitazama kipande, akatutazama sisi na sare zetu.

Bosi akamuuliza kama ndilo jiko lenyewe. Mzee akajibu kwa Kiarabu kwamba ndilo hasa. Watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa kahawa. Ndipo akatusogelea, akasema kwa Kiswahili cha Unguja, alikozaliwa:

"Wanangu, siye tukila vya makopo. Ukoko ule wa nani?"

"Shikamoo, mzee. Wetu."

"Marahaba. Basi tafuteni mawe mengine. Unga n'taleta mie."

Kesho yake alikuja kweli. Tulipanga mawe nyuma ya kontena, akakunja mikono ya kanzu, akatunyang'anya mwiko, akasonga mwenyewe huku akitusuta kwamba moto ni mdogo. Alikula hadi ukoko.

Watalii bado wanapiga picha mawe yale ya mbele. Mafiga aliyopikia mwanajeshi yako nyuma ya kontena, na hayana bango.