Matusi Kwenye Mstari wa Chai

Bochaberi alitoka Kisii mwaka 1968 kumfuata mumewe, Nyaberi, aliyekuwa mchumaji wa majani katika shamba moja la chai nje ya Kericho. Kiswahili alijifunzia humo shambani, na mwalimu wake alikuwa nyapara mmoja mkali ambaye hakujua kuongea bila kutukana. Maneno ya kwanza aliyoshika ni "mvivu" na "kichwa maji".

Nyapara yule alihama, lakini maneno yalibaki. Kila alipokosea kidogo, Bochaberi alijikaripia kwa sauti: "Mjinga wewe! Huwezi kitu!"

Siku moja rafiki yake Chepkemboi, Mkipsigis aliyechuma mstari wa pembeni yake, aliacha kumsalimia. Bochaberi hakuelewa. Amemkosea nini? Akazidi kujilaumu, na Chepkemboi akazidi kununa.

Kisha mvua ya mawe ikawakimbiza wote kwenye kibanda cha kupimia majani. Wakabanana bega kwa bega.

"Mama Mogaka," Chepkemboi akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "kwa nini unanitukana kila siku?"

"Mimi? Sijakutukana hata mara moja!"

"Si nasikia? Mjinga, mvivu."

"Aa, dada. Hiyo najiambia mwenyewe."

Chepkemboi alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Kwani umefanya nini?"

Bochaberi aliinamia kikapu chake. Kilikuwa kimejaa majani safi.

"Basi jiambie hata 'vizuri'," Chepkemboi akasema.

Alijaribu. Neno lilimkaa vibaya mdomoni, kama anamsifu mtu mwingine. Jumamosi, kwenye kanisa lao la Wasabato, aliomba asamehewe majivuno, halafu akashindwa kujua kama kweli alikuwa amejivuna.

Baadaye nyapara mpya, Kiplangat, alimtaka awafundishe wachumaji wageni.

"Siwezi," lilimtoka. Chepkemboi, aliyekuwa karibu, akakohoa. "Yaani... nitajaribu."

Asubuhi ya kwanza mgeni mmoja, Chemutai, alikata jani gumu badala ya changa. Tusi lilimfika Bochaberi ulimini. Akalimeza. "Polepole, mama. Mkono utazoea."

Chemutai akashusha pumzi, akaendelea. Bochaberi alibaki amesimama, akijiuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Kazi ya kufundisha ikawa yake kwa miaka mingi. Hata hivyo, jioni moja alimuuliza Nyaberi: "Wakinisifu, wanamsema nani?"

"Wewe," Nyaberi alijibu.

"Una hakika?"