Kituruki kwa Mahadhi ya Chuoni

Siku ya kwanza kazini, Wakala wa Meli alinipa chaki, ubao, chumba kitupu nyuma ya forodha ya Bagamoyo, na wanaume tisa. Walikuwa wanakwenda kutia makaa kwenye tanuri la meli ambayo Injinia wake Mkuu alikuwa Mturuki. Lugha hiyo mimi niliiokota katika miaka minne ya kutangatanga melini.

"Wafundishe amri tu," Wakala aliniagiza. "Njoo, nenda, leta. Basi."

Niliitikia, lakini sikutii. Nimeona mtu anavyotukanwa tanurini akiwa hana la kujibu. Nikaanza na gelmek, yaani kuja, kwa nyakati zake mbili za sasa: geliyorum, ninakuja sasa hivi; na gelirim, mimi huja, ndiyo kawaida yangu. Nikaandika ubaoni, hawakushika kitu. Ndipo Mzee Shomari wa Kerege, mkubwa wao, aliposema, "Mwalimu, sisi hata Kiarabu tulikishika kwa mahadhi. Acha chaki."

Tukasoma kama watoto wa Kurani chuoni, tukiyumba mbele na nyuma: geliyorum, geliyorsun, geliyor. Ninakuja, unakuja, anakuja. Kwa siku chache tu walikuwa wamefika gelirler, wao huja.

Siku ya mtihani alikuja Wakala pamoja na Injinia. Wanaume wakasoma yote bila kukosa, kisha, kwa mazoea ya chuoni, wakainua mikono, wakaitikia "Amin" na kujipangusa nyuso. Injinia naye, kabla hajajijua, akajipangusa. Wakala alikasirika.

"Nani amewafundisha kusema 'mimi'? Nilitaka watu wa kuitwa."

"Anayeitwa ana haki ya kujibu, bwana."

Akanipa hiari: amri peke yake, au mlango. Nikatoka. Injinia aliwachukua wote tisa; mimi sikuajiriwa tena kufundisha pwani hii.

Vijana huniuliza kama najuta. Sijuti hata kidogo. Baada ya safari mbili Mzee Shomari alinifuata nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Alinieleza kuwa msaidizi wa Injinia, Mturuki naye, alimwita kwa tusi mbele ya wenzake. Mzee akaweka koleo lake la makaa chini.

"Nikamwambia, gelmiyorum. Siji, mpaka uniite kwa jina langu."

Neno hilo sikumfundisha mimi. Alilitafuta mwenyewe, na akaitwa Shomari.