Mwaka Tulionyimwa Moto

Enzi zetu sisi moto ulikuwa unaombwa. Asubuhi mama anakuamsha, anakutia mkononi kigae cha chungu kilichovunjika, anakwambia kimbia kwa jirani ukalete kaa. Unatoka, baridi ya Mbulu inakung'ata masikio, unasimama mlangoni kwa watu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, moto wenu umelala?" Unawekewa kaa juu ya jivu, unarudi mbio huku unapuliza njia nzima, macho yanatoka machozi, pua nyeusi. Ukifika limezimika, unarudishwa. Kijana wa leo mpe kaa alibebe hadi kwa jirani, atakuuliza chaja yake iko wapi.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana wengine mnanijua kwa trekta tu. Mimi ndiye Paskali wa Dongobesh, mwenye mashine ya kusaga pale njia panda na malori yanayopakia vitunguu saumu. Shule niliishia darasa la nne. Wenye digrii wananipa shikamoo, na wengine nawalipa mshahara. Sijisifu, nasema yaliyopo. Lakini watu wananiuliza, Paskali, wewe ulianzia wapi? Nilianzia kwenye mwaka ule tulionyimwa moto.

Wa rika langu mnakumbuka maisha yale. Nyumba zetu zilikuwa tembe, nusu imeingia mlimani, paa la udongo. Kwa nyuma unapanda juu ya paa kama unapanda tuta. Tulicheza huko mchana kutwa, tukifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe za miiba, na mimi wangu ndio walikuwa wanene kuliko wote. Chini bibi za watu wanapiga kelele, "Shukeni, mnanitia vumbi kwenye maziwa!" Maziwa yenyewe yalikaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, yaliganda mpaka unayatikisa kwa nguvu ndipo yatoke. Leo mtoto anakunywa maziwa ya pakiti halafu analalamika tumbo.

Shuleni kengele ilikuwa rimu ya gari inayoning'inia mtini. Ukisikia ile rimu na bado uko mtoni, ujue fimbo zako zimeshahesabiwa.

Baba hakukaa nyumbani. Alikuwa kule chini Hanang, kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Watoto wenzangu niliwaambia anaendesha kombaini. Kazi yake ilikuwa kushona magunia, lakini alishona haraka kuliko mtu yeyote, hilo hata maadui walikubali. Mwisho wa mwezi alipanda lori hadi linapoishia, kisha kwa miguu, akafika na unga wa ngano begani. Siku hiyo mama alipika chapati, na harufu ilipita ukuta ikaenda kuwatesa majirani. Gwandu, rafiki yangu wa nyumba ya juu yetu, alikuwa anatokea ghafla kuuliza kama nimemwona mbuzi wake. Mbuzi yuko zizini na yeye anajua. Tulimkatia kipande.

Huyu Gwandu babu yake ndiye Mzee Akonaay, mkubwa wa wazee wa kitongoji chetu. Mrefu, mkavu, blanketi lake begani, akisema neno wenzake wanatikisa kichwa.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mahindi yalitoka ardhini, yakatuangalia, yakanyauka. Wazee wakakaa, wakaamua kama walivyoamua baba zao: kila nyumba ipike pombe, itoe kibuyu kimoja, wakamwage kwenye chemchemi kwa wenye chemchemi, mizimu ya maji, mvua ifunguliwe. Na lazima iwe kila nyumba. Ikikosekana moja, kazi yote imeharibika. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yao, na msiwacheke, watu walikuwa wanaogopa njaa.

Mzee Akonaay alikuja kwetu na wazee wenzake. Mama aliwapa shikamoo, akawawekea vigoda, akawapa maziwa. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi ya akiba, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama Paskali, kila nyumba inapika. Wewe kibuyu chako kimoja tu."

"Baba, mkitaka pombe ya kunywa nyie wazee, nawapikia leo hii. Mkitaka mchango wa kuchimba kisima, natoa. Lakini ya kumwagia chemchemi, hiyo siwezi. Nilishabatizwa."

"Wabatizwa wenzako wametoa."

"Nimesikia."

"Hata mke wa mwalimu wa kwaya ametoa."

"Na yeye nimemsikia."

Mzee Akonaay akaweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitisha. "Binti yangu, mvua haichagui shamba. Ikikataa inatukatalia wote, kwa sababu ya mlango wako."

"Najua, baba. Ndiyo maana naomba kila siku, na shamba lako nalitaja."

Mzee akainuka, akajifunga blanketi. "Basi moto usiuombe kwetu."

Vijana wa leo hawaelewi neno hilo lina uzito gani. Sisi tukisema fulani amenyimwa moto, maana yake ametengwa. Hapewi kaa, hasalimiwi, hakuna anayekunywa maji yake, hakuna wa kumsaidia kulima wala kuzika. Na ng'ombe wake wanatoka kwenye zamu. Wakati huo nyumba kadhaa zilichanganya ng'ombe, leo anachunga huyu, kesho yule, ndiyo maana watoto tuliweza kusoma. Ng'ombe wetu walipotolewa kwenye zamu, wa kuchunga nikawa mimi peke yangu, kila siku ya Mungu. Rimu ya shule nikawa naisikia nikiwa kilimani. Shule yangu ikasimama hapo. Mama alilijua hilo. Jioni aliniangalia nikiingia na vumbi langu, akageuza uso, akakoroga ugali muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji.

Watoto nao, si mnawajua? Wakikaa juu ya paa lao wanaimba, "Jivu baridi! Jivu baridi! Usimsalimie, mvua itakimbia!" Na sauti ya Gwandu nikaisikia kati yao, yule wa mbuzi, mla chapati zetu. Niliwarushia mabonge ya udongo. Nilikuwa na shabaha kali, waulizeni.

Baba aliporudi mwisho wa mwezi alikuta habari imemtangulia njiani. Akakaa, hakula. Yeye naye alikuwa mbatizwa, ila alikuwa mtu laini, mpenda watu.

"Mama Paskali," akasema, "kibuyu kimoja tu. Wape, yaishe, mtoto arudi shule. Mungu anajua moyo wako."

"Kama anajua moyo," mama akasema, "na kibuyu atakijua."

"Nitakuletea padre akwambie mwenyewe."

"Mlete. Nitampikia chapati."

Baba akacheka bila kupenda. Usiku ule hawakuzungumza tena jambo hilo, na alipoondoka alimwachia kiberiti kimoja. Mnakumbuka viberiti vilivyokuwa adimu miaka ile, pamoja na sabuni na chumvi. Kile kilikuwa kibovu, njiti nyingi zilivunjika kichwa, na punde kikaisha. Kuanzia hapo moto wetu ukizimika, basi umezimika.

Sasa tazameni mwanamke huyu alivyoishi. Aliuhamisha moto kutoka mahali pake, akauchimbia shimo kwenye kona ya ndani kabisa, kule nyumba inapoingia mlimani. Kila jioni anazika kaa kwenye jivu na mavi makavu ya ng'ombe, anafunika na chungu cha zamani kilichopasuka mdomo. Asubuhi anafunua, anapuliza, anasema, "Asante Baba," ndipo ananisalimia. Hata shambani alirudi katikati ya siku kuuangalia, kama mtu mwenye mtoto mchanga.

Na kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kupiga soga, akapata muda. "Hatuna wageni," akaniambia, "twende tukandike paa." Paa lilikuwa limepasuka kwa jua. Tukachanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, tukakandika kutoka ukingoni hadi mlimani, na mgongo wangu mpaka leo unakumbuka. Gwandu na wenzake wakatucheka toka juu: "Wanajiziba na jua!" Maana mbinguni hakukuwa hata na wingu moja. Mama hakuinua kichwa. "Kanyaga vizuri pale pembeni, Paskali," ndilo neno alilosema.

Wazee mwishowe wakachoka kutusubiri, wakaenda chemchemi bila kibuyu chetu. Siku chache baadaye mvua ikaja.

Nasema ikaja! Ilianza alasiri kule upande wa Yaeda, ikapanda mlima ikinguruma, na ilipofika kwetu haikunyesha, ilimwagika. Wazee walisema chemchemi imesikia. Mama alisema Mungu amesikia. Mimi jibu langu mnalijua, Jumapili mnaniona niko benchi la mbele. Ila Mzee Akonaay alisimama mlangoni kwake akapaza sauti ili tusikie, "Tumeifungua bila wao!" Mama akajibu polepole, mle ndani, "Amina, mradi imefunguka."

Ikanyesha kutwa na kucha. Mapaa ya watu, yaliyokuwa yamepasuka kwa ukame na hakuna aliyefikiria kuyakandika, yakaachia. Maji yalishuka katikati ya nyumba, yakaingia mafigani, yakabeba jivu. Kulipopambazuka, mvua imebaki manyunyu, nikatoka nje nikaangalia bonde. Sikuona moshi. Tembe zote zimelala kama mawe. Moshi ulikuwa mmoja tu, unatoka kwetu, mweupe, unajiendea zake.

Nilimwita mama aje aone. Akaja, akaona, akarudi ndani akaongeza kuni. Hakucheka hata kidogo. Mimi nilicheka kwa niaba yake.

Muda si mrefu mtu anashuka mteremko, anateleza, anashikilia majani, blanketi limelowa. Mzee Akonaay mwenyewe. Na mkononi, jamani, kigae. Angeweza kumtuma Gwandu, lakini kuomba moto kwa uliyemnyima si kazi ya kumtuma mtoto. Ukiupokea moto wake, adhabu imekwisha palepale, na aliyeitoa ndiye wa kuimaliza.

"Shikamoo baba," mama akasema.

Alikuwa hajaitikia salamu yetu tangu siku ile ya vigoda. Akakohoa. "Marahaba." Halafu akasogea karibu, akashusha sauti. "Mama Paskali, bibi yake Gwandu kule juu anatetemeka, na watoto hawajala. Nahitaji moto. Lakini wazee wenzangu nitawaambia nini? Tufanye hivi. Tuseme pombe yako ilichelewa. Basi. Ilichelewa. Hakuna atakayeuliza, na kijana wako kesho yuko darasani."

Nilimwangalia mama. Nilikuwa nimechoka na kilima, nisidanganye. Neno moja tu, na hata si pombe, ni neno. Moyoni nikasema, sema mama, ilichelewa.

Mama alichukua kigae mkononi mwa mzee. Akaingia, akakitandika jivu, akachagua makaa makubwa makubwa, yale yaliyoiva vizuri, akakijaza mpaka kikawa kizito. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Haikuchelewa, baba," akasema. "Haikupikwa. Wahi nyumbani, manyunyu haya yatakuzimia moto."

Mzee akabaki amesimama na moto mkononi. Hawezi kuurudisha, hawezi kukaa kubishana, manyunyu yanauma, makaa yanalia tss, tss. Akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akafunika kigae na ncha ya blanketi.

"Mwanamke huyu!" akasema. "Shingo yake ya punda." Akapanda hatua mbili tatu, akageuka. "Paskali! Kesho ng'ombe wenu walete pale juu kwa wenzao. Zamu ni ya Gwandu."

Mchana bonde zima lilikuwa linafuka moshi, na moto wote ule ulitoka kwenye shimo la mama yangu. Gwandu alitokea kuuliza kama nimemwona mbuzi wake. Nikamwambia ingia.

Shule nilirudi, nikaishia lile darasa la nne, maana siku za kilimani zilinifundisha ng'ombe. Nikimtazama najua mgonjwa, najua mwenye mimba, najua wa kuuzwa leo. Moyo wangu ulishahamia mnadani, na mnada ndio ulionipa haya mnayoyaona. Nilipoanza kushika pesa, mwenzangu wa biashara aliniambia twende kwa mganga fulani, nikachanjwe, mali isikimbie. "Sema tu unasindikiza," akaniambia. Nikamwambia mimi mtoto wa Mama Paskali, sisindikizi. Mwenzangu huyo leo anaomba lifti kwenye lori langu, na ninampa, kiti cha mbele.

Siku hizi paa ni bati, kiberiti cha gesi kiko kila mfuko, na waumini wa sasa ukiwabana kidogo tu kazini wanaficha rozari kwenye droo. Mashamba yale ya ngano nayo zama zake zimepita. Mtu akifiwa nyumba ya tatu unasoma kwenye simu. Hakuna awezaye kumnyima jirani moto, na hakuna anayebisha hodi kuuomba. Mimi nimemjengea mama nyumba ya kisasa, jiko la gesi la plati nne, la bei. Hulitumia kuchemshia chai ya wajukuu.

Jiko lake mwenyewe liko nyuma, la kuni. Kila jioni anaburuta kigoda, anazika kaa kwenye jivu, anafunika na chungu. Juzi mwanangu wa mwisho alimuuliza, "Bibi, si kuna gesi? Huo moto unamwekea nani?"

Mama akasawazisha jivu kwa kiganja. "Kuna mtu anaweza kuja kuomba," akasema.