Dobi anayepandisha mashuka juu ya moshi

Ni asubuhi ya Julai, na Nurudin Makame anapanda ngazi za mawe za Mabatini, jijini Mwanza, beseni la mashuka mabichi likiwa kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Nyuma yake bonde limejaa moshi. Mabati ya nyumba hayaonekani. Zinasikika tu redio, majogoo na pikipiki zikiwashwa.

Anapofika juu, kwenye uwanja mdogo katikati ya mawe makubwa, jua linampiga usoni. Anatua beseni, anavuta pumzi ndefu, anacheka.

"Unasikia?" anauliza. "Huku hewa haina harufu."

Nurudin, mwenye umri wa miaka 51, ni dobi. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyehamia Mwanza kutoka Tabora, na ameifanya katika nyumba ileile ya bondeni tangu ujana wake. Wateja wake ni majirani na nyumba moja ya wageni, ambayo mashuka yake humpa karibu nusu ya kipato.

Wakati wa mvua, tabu yake ni kulivizia jua tu. Kiangazi ni habari nyingine. Baridi ya usiku huteremka kutoka vilimani na kutulia bondeni, na moshi wa mkaa, wa takataka na wa kubanika samaki hulala humo humo. Hauondoki mpaka jua lipande na upepo wa ziwani uanze kuvuma. Kufikia hapo, shuka lililoanikwa mapema limeshaingia masizi.

Kwa miaka mingi alifua upya na kunyamaza. Juni mwaka jana mambo yakaharibika. Msimamizi wa nyumba ya wageni alimrudishia furushi zima, kwa mara ya pili katika wiki moja.

"Aliniambia, 'Nurudin, wageni wananiuliza kama wamelala jikoni. Ikitokea tena natafuta dobi mwingine.' Hakugomba. Alisema kwa upole, ndiyo maana niliogopa."

Hasira zake alizipeleka kwa jirani yake Dorotea, ambaye mtaani wanamwita Mama Paulo. Mama huyo hubanika sangara kwenye tanuri lililo karibu kabisa na kamba za Nurudin.

"Mama Paulo, unanimaliza!" alifoka mbele ya wateja.

Dorotea, ambaye humwita Nurudin kwa jina la mwanawe, hakuinuka. "Baba Sada, pasi yako inatumia nini? Si mkaa? Na wale wanaochoma taka kule chini nao ni wanangu?" Akataka kuongeza neno, kikohozi kikamshika mpaka akainama.

"Kile kikohozi kilinimaliza nguvu," Nurudin anakumbuka. "Mke wangu Fadhila anakohoa vilevile kila kiangazi. Nilirudi nyumbani nimenywea."

Baada ya siku chache alipanda kilimani kumpa pole rafiki yake Shigela, seremala, aliyekuwa amefiwa na shangazi. Akiwa ameketi na waombolezaji, aliona shuka jeupe kwenye kamba. Aliinuka, akalishika, akaligeuza huku na huku. Halikuwa na doa. Chini kule, mtaa wake ulikuwa umefunikwa na moshi.

"Watu walinishangaa," anasema huku akicheka. "Huyu kaja msibani au kaja kukagua nguo?"

Shigela alimruhusu kufunga kamba zake uwanjani kwake. Tangu hapo Nurudin hufua chini, kwenye maji, kisha huanika juu. Shuka bichi ni zito, na mwanzoni shingo ilimkaza hata kugeuka ikawa shida. Dorotea alimwona akipita na mzigo kila asubuhi. Jioni moja alimpelekea Fadhila samaki.

"Mwambie Baba Sada nitakuwa nawasha mchana, upepo ukishaanza," alisema. "Hata mimi nikiwasha asubuhi, moshi wote naumeza mwenyewe."

Leo Dorotea hana majuto. "Nilidhani nitapoteza wateja. Kumbe wale wanaorudi makwao Buswelu wanapenda kupitia jioni, samaki akiwa bado wa moto. Na kifua kimepata nafuu."

Moshi wa bondeni haujaisha, kwani taka bado zinachomwa, na hivyo Nurudin ataendelea kupanda mpaka mvua zirudi. Lakini hajarudishiwa shuka tena, na msimamizi yule sasa anamletea hata mapazia.

Mpango wake ni kujenga nyumba huko huko juu. Amekwisha kukubaliana na Shigela kuhusu kipande cha uwanja. Kilichobaki ni tanki, maana maji ya bomba hufika kilimani kwa kusuasua.

Fadhila, aliyepanda kumletea mumewe chai, anasema yeye ana sharti moja tu: dirisha kubwa upande wa ziwa.

"Kule chini, kiangazi nikiamka nakimbilia kufunga dirisha," anasema, akimimina chai. "Huku nataka niamke nilifungue. Chai itasubiri."