Chuma Mgongoni mwa Mwanangu

Wakati ule wa mamluki mtu hasemi ovyo. Askari wa Kizungu walikuwa na nchi mkononi. Ukiona jambo, unapita. Kwa hiyo muuza nguo, mwanamke wa mtaani kwetu Hombo, hapa Mutsamudu, aliporudi kutoka Moroni, kisiwa cha pili, akanivuta jikoni, nilijua ni la siri.

"Dada, kaa chini."

"Sikai. Sema."

"Mwanao wamemuua."

Akasema kaona kwa macho yake, yeye yuko ufukweni. Wazungu wamemkalisha mwanangu ukingoni mwa boti, wamemfunga chuma kinene mgongoni, vingine kiunoni, na uso wamemziba. Kisha mmoja akamgusa kifuani, mwanangu akaanguka kinyumenyume baharini.

"Hakutoka?"

"Hakutoka."

"Ulingoja?"

"Nani angoje, dada? Wanione naangalia?"

Muhogo uliungua jikoni, hakuna aliyeuepua. Mwanangu alikuwa huyo mmoja tu, wengine Mungu aliwachukua wadogo. Alikwenda Moroni kutafuta kazi, akanyamaza. Ijumaa akasaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, hitima ikasomwa, watu wakala. Mimi sikutoa chozi. Maiti ambaye hajaoshwa mimi simlilii. Nikapanda meli kwenda kuutafuta mwili.

Moroni nikashuka hadi Badjanani, pale wavuvi wanapokaa karibu na msikiti wa zamani wa Ijumaa. Nikawauliza kama maji yametupa maiti ya kijana mwenye kovu la moto gotini. Wakatazamana. Mmoja akacheka.

"Maiti gani, bweni, mama yangu? Huyo kazama asubuhi hii hii, kwa miguu yake."

Kidogo nimpige kiatu. Akanipakia kwenye boti yake, akanipeleka nje ya miamba. Kulikuwa na boti nyingine, na ndani yake askari wa Kizungu, amevaa kaptula, anamenya chungwa. Akanisalimia kama tumekutana sokoni. Nikamgeuzia uso, nikatazama maji.

Kisha maji yakawa meusi chini yetu. Nilidhani wingu. Lilikuwa taa, samaki taa, lakini mkubwa kuliko boti, ana mabawa kama ndege na pembe mbili za nyama mdomoni. Akafuata wa pili. Na chini ya huyo wa pili kalala mtu chali, mtungi mgongoni, mapovu yanamtoka yanakwenda kumkuna samaki tumbo. Goti lina kovu la moto.

Nilipiga yowe. Mvuvi akanishika shiromani, nguo niliyojitanda, nisitumbukie.

Mwanangu akaibuka, akavua kile kioo cha usoni.

"Mama? Umefuata nini huku?"

"Maiti yako. Panda!"

Akapanda. Nikampiga kofi mbele ya Mzungu na bunduki zake zote, popote alipoziacha. Kisha nikampapasa mgongo mzima, natafuta jeraha.

"Ni hewa, mama. Humu ndani mna hewa, navuta. Nawaongoza Wazungu kuangalia taa. Hawa hawana neno, wanakula vidudu tu."

"Tumekusomea hitima."

Akajifuta maji usoni. Kisha akauliza, "Mlipika nini?"

"Pilau ya mbuzi."

"Na mimi sipo!"

Kofi la pili.

Nikamwambia tunarudi Mutsamudu, watu wakuone, halafu utajua mwenyewe la kufanya. Tulipoingia Hombo, wa kwanza kutuona alikuwa yule muuza nguo, mzigo kichwani. Mwanangu akamnyooshea mkono. Mwanamke akarudi nyuma, hautaki.

"Anywe maji kwanza," akasema. "Mzuka maji humvuja. Tuone yanakwenda wapi."

Jirani akaleta kata. Mwanangu akanywa yote, akajifuta mdomo. Muuza nguo akakaa chini katikati ya njia, teksi zinampigia honi, na mzigo bado uko kichwani. Mtaa mzima ulicheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia kile kifua kinavyopanda na kushuka.