Gari la Antoni Malimi Lililotunzwa Kama Ng'ombe wa Mtu

Jua halijavuka mawe ya Pasiansi, Mwanza, lakini Antoni Malimi ameshafungua na kufunga mlango wa gari mara kadhaa. Anainama, anasikiliza. Analegeza bawaba, anausogeza mlango kwa unene wa ukucha, anakaza, anafunga tena. Sauti haijamridhisha.

Gari lenyewe ni MG ya viti viwili, ya wazi, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1965. Limeegeshwa chini ya banda la mabati kati ya jiko la mkewe na pipa la maji. Rangi nyekundu imekauka vizuri. Boneti inang'aa kiasi kwamba kuku anasimama kujitazama.

Binti yake, Kija, anapita na buti nyeupe za mpira mkononi. Anawahi zamu katika kiwanda cha minofu ya samaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu sikiliza huu mlango."

"Nimeusikiliza tangu Pasaka. Mlango unafunga, baba."

Anaondoka. Antoni anaufungua tena.

Mnunuzi yupo. Ni mwenye hoteli wa Arusha anayetaka gari hilo lisimame mbele ya hoteli yake na kutembeza wageni. Amelipia nusu ya gharama za rangi na matairi. Anachosubiri ni kuambiwa kwamba gari liko tayari, na Antoni bado hajamwambia.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi mwaka 1972.

Wakati huo Antoni alikuwa fundi bodi katika gereji ya Bwana Ratilal, mnunuzi wa pamba aliyekuwa na malori yake mwenyewe. Alikuwa ananyoosha madigadi ya malori siku sita za wiki. Siku ya Jumapili alikuwa anaosha MG, gari ambalo bosi wake alilipenda kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Bwana Ratilal alipoamua kuhamia Kanada na familia yake, aliendesha gari hilo mwenyewe hadi kwa Antoni, jioni. Akaliingiza uani, akampa ufunguo, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaondoka kwa miguu. Hakusema neno.

"Alikuwa analia," anasema Antoni. "Ningemuuliza nini mtu anayelia?"

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa zawadi. Kwa Antoni, aliyekulia kwenye nyumba ya wafugaji huko Misungwi, haikuwa hivyo. Kwao, mtu mwenye ng'ombe wengi huwapeleka wengine wakatunzwe kwa jamaa na majirani. Anayetunza hunywa maziwa na kutumia samadi. Kuuza haruhusiwi. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenye mali ngozi, aone kwamba hakudanganywa.

"Zawadi kwetu hutamkwa," anaeleza. "Mnakaa, watu wanaitwa, unasema mbele yao: huyu ng'ombe nimempa fulani. Ukileta mnyama jioni, kimya kimya, umeleta kutunziwa. Hata mtoto anajua."

Kwa hiyo akalitunza. Alilisogeza uani tu, hakulipeleka barabarani. Miaka ya uhaba ilipofika, petroli ikakosekana, matairi yakapasuka juani na upepo wa ziwa ukala bati la sakafu. Kila kilichodondoka Antoni alikiokota: skrubu, kipande cha nikeli, kitasa, hata mpira wa dirisha ulioliwa na panya. Alivitia kwenye mifuko ya saruji na kuining'iniza darini.

"Ngozi hiyo," anasema, akicheka kidogo. "Nilikuwa naandaa ngozi."

Majirani hawakumwacha. Mihayo, fundi baiskeli wa jirani, bado anapaza sauti akipita: "Ngosha! Ng'ombe wa Mhindi amezaa?"

"Ana mimba," Antoni hujibu.

Mwaka 1982 jambo hilo liliacha kuwa la utani. Kija alimaliza darasa la saba na jina lake halikutoka kwenye shule za serikali. Nafasi ilipatikana katika sekondari ya binafsi, ila karo ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa fundi bodi. Wiki hiyohiyo Alexander Otuoma, mwenye maboti ya uvuvi kutoka Musoma, aliliona gari na kutaja bei. Bei hiyo ingemsomesha Kija hadi kidato cha nne, na chenji ingebaki.

Mkewe Antoni, Modesta, anaikumbuka asubuhi ile bila kutabasamu. "Nilimwambia uza. Akaniuliza, 'Mwenyewe akirudi?' Nikamwambia, mwenyewe yuko Kanada, mtoto wako yuko hapa. Akatoka kwenda kumwambia Otuoma kwamba gari haliuzwi."

Kija hakwenda shule. Miaka miwili baadaye akajifungua Paskazia. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa kandokando ya ziwa, akapata kazi ya kuchuna sangara. Anasimama kwenye barafu zamu nzima, na vidole vyake havikunjiki vizuri tena.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, Hansa, binti wa Bwana Ratilal, alikuja Mwanza kutazama kama kuna cha kufanya. Hakukaa sana. Kabla ya kuondoka aliulizia nyumba za mafundi wa zamani wa baba yake.

Antoni alipomwona, hakuuliza habari za safari. Alitandika mkeka uani, akateremsha mifuko darini na kupanga kila kipande mbele yake, mpaka skrubu ya mwisho. Kisha akaomba radhi kwa sababu ya sakafu iliyooza.

"Nilimwambia, mama, mali ya mzee ni hii. Imekufa, lakini haijapotea."

Hansa alishika kitasa, akakaa chini. Alimwambia kwamba mzee alifariki mwaka 1989, na kwamba gari lile alimpa Antoni liwe lake. Wala mzee hakuwahi kuliulizia. Aliamini fundi wake aliliuza wiki ileile na kujengea nyumba.

Kija alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza ametoka zamu. Alisikia yote.

"Hakunigombeza," anasema Antoni. "Aliingia ndani akaosha buti zake. Ningependa angenigombeza."

Tangu hapo amekuwa akilifufua. Sakafu ameikata kutoka kwenye mapipa ya mafuta na kuinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Kabureta ilitoka Nairobi kwa msaada wa mwenye hoteli. Vingine karibu vyote vilikuwa darini tayari. Uaminifu uliomnyima binti yake shule ndio ulioliokoa gari, na Antoni anasema hilo halimpi raha hata kidogo.

Kazi yake nyingine imepungua. Magari yaliyotumika yanayotoka Japani kupitia Dubai yamejaa mjini, na vipuri vyake pia. Mlango wa gari ukibonyea, mtu haunyooshi, ananunua mwingine. Kwa wiki Antoni hupata pikapu moja, mara nyingine hapati.

Injini ya MG iliwaka mwezi Mei. Breki zinakamata. Umebaki mlango huo ambao kila mtu nyumbani anasema unafunga.

Kija anajua tatizo si bawaba. Aliporudi kutoka zamu siku hiyo, aliweka buti chini na kusema alichokuwa amekiweka moyoni.

"Baba, zamani hukuuza kwa sababu si lako. Sasa ni lako, bado huuzi. Paskazia anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba hii. Jina lake lisipotoka, nimwambie nini? Kwamba babu anasikiliza mlango?"

 Antoni aliifuta bisibisi kwa kitambaa, akairudisha kwenye sanduku, akafunga sanduku.

"Nikimaliza, nitakuwa nimebaki na nini?" aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe.

"Na mjukuu," alisema Modesta kutoka jikoni.

Jioni hiyo alimpigia simu mwenye hoteli kutoka posta. Jumamosi ijayo gari litachukuliwa. Kabla ya hapo anataka kuliendesha mara moja tu, hadi Usagara na kurudi, Kija akiwa kando yake. Kija amesema siku hiyo yuko zamu. Modesta amesema atakwenda yeye.

Fedha zikishaingia mkononi, Antoni ana mpango wake. Ataita majirani, Mihayo akiwemo, waketi uani pale gari lilipokuwa. Atasimama na kutamka kwamba fedha hizi ni za shule ya Paskazia, za Paskazia peke yake, na yeyote atakayesikia tofauti aje amuulize.

"Safari hii hakuna kimya," anasema.

Kija amelisikia hilo akivua koti la kazini. "Aseme kwa sauti," anasema. "Mimi nitaomba ruhusa kazini. Nitakaa mbele."