Mikono Myeupe ya Mjomba

Juzi nilifungua chupa ya dawa ya kutu, ugonjwa wa ngano, harufu ikanichoma pua, nikamkumbuka mjomba.

Alasiri moja nikiwa mtoto, vumbi la kutu lilikuwa limeipaka sweta yangu rangi ya machungwa. Mjomba alileta dawa yake nyeupe, isiyonuka, akainyunyizia ngano yetu. Mama akamchinjia kuku. Baba, aliyesaidia kuchanganya, alinawa kwa sabuni hadi viwikoni. Mjomba akamega ugali bila kunawa.

"Mjomba, huogopi sumu?" nilimuuliza.

"Mimi ni mwanaume," akacheka.

Nikamwamini. Leo najua dawa ile ilikuwa unga na maji tu. Ngano ilipokauka kwa kutu, baba alijilaumu kwamba alichelewa kutafuta dawa. Mjomba, akitafuna muwa wetu, alimwambia, "Ni kweli, shemeji. Ulichelewa."